Jiwe la Mama Sikudhani

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya kuandikisha watoto wa darasa la awali, na aliyenitangulia ni jiwe.

Nyuma yangu foleni inakwenda mpaka kwenye tangi la maji, na yote ni vitu vitupu. Ndoo isiyo na mshikio. Kandambili moja ya mguu wa kushoto. Jembe. Nusu tofali lililoandikwa kwa mkaa "Mama Mbelwa". Binadamu ni mimi peke yangu, nina miaka arobaini na tisa, nimevaa sketi ya bluu ya watoto wa awali inayonibana mbavu, na kikombe cha uji kinaning'inia shingoni.

Sikushangaa. Kwetu huku, nyuma ya mashamba ya mkonge, foleni ndivyo zilivyo. Watu ni vibarua, hawana asubuhi ya kusimama bure. Unaweka jiwe lako mahali pako, unakwenda kazini, zamu ikikaribia unarudi. Bombani hivyo, kliniki hivyo, kuandikisha watoto hivyo hivyo. Hakuna anayegusa la mwenziwe. Jiwe la mtu ni mtu, hata mtoto anayetambaa anajua.

Lililonitangulia lilikuwa kubwa kama boga dogo, limefungwa katani kiunoni, mafundo mawili.

"Shikamoo, mwalimu," likasema.

"Marahaba. Foleni inasogea hii?"

"Ilisogea mwaka jana. Ulinisogeza wewe, kwa mguu wa kulia."

Nikajifanya naangalia kikombe changu cha uji.

Lakini niseme ukweli hapa, maana ndotoni sikuwa na shahidi. Mimi ndiye mwalimu wa awali. Mwaka jana, Disemba, kamati ya shule ilinikabidhi daftari na kalamu, viti thelathini, na masharti yakabandikwa ukutani: kwanza umri, mtoto awe ametimiza mitano na hajafikisha sita, halafu anayekaa karibu, halafu mwenye uhitaji, wakilingana, aliyetangulia kufika. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeandika ishirini na tisa. Aliyefuata ni jiwe lenye katani. Kila mtu pale alijua ni la Mama Sikudhani. Huyu mama yuko korona, si ile ya maradhi, ni jumba la mashine ya kusaga mkonge ukatoka nyuzi. Alikuwa ameliweka alfajiri akakimbilia kazini, kwa sababu nyampara wao hana mchezo.

Ndipo wifi yangu Mwajabu, mke wa kaka yangu, akashuka kwenye gari na mwanawe Twaibu. Twaibu alikuwa na miaka minne na nusu. Wanakaa mjini, na mtaa wao una shule mbili. Wifi akaniinamia sikioni: "Wifi yangu, usiniangushe mbele za watu."

Nikalitazama jiwe. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Jiwe halina mtoto." Nikalisukuma kwa mguu, likaporomoka mtaroni. Nikaandika Twaibu, namba thelathini.

Mama Sikudhani alifika saa sita anahema, mikono imebabuka kwa utomvu wa mkonge. Nilimwambia hapa tunaandikisha watu, hatuandikishi mawe, aje mwakani. Akasema, "Sawa, mwalimu." Basi. Angenitukana ningelala vizuri mwaka mzima. Na nilijua, Mungu ananiona, kwamba mwakani Sikudhani atakuwa amefikisha sita. Awali hatumpokei, na darasa la kwanza shuleni kwetu hawamtaki asiyepita awali. Nilisema "mwakani" kama mtu anavyoalikwa harusi akasema inshallah, na moyoni hana nia ya kwenda.

Haya, turudi ndotoni.

Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori inayoning'inia kwenye boriti ya baraza. Ndotoni ndiyo mwenyekiti wa kamati. Imevaa miwani, na kabla ya kusema inajigonga yenyewe, kama mtu anayekohoa mkutanoni.

"Ngaa! Sharti la kwanza, umri. Kila mmoja apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili."

Hicho ni kipimo cha zamani cha watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Mkono ukifika sikioni, umri umefika. Usipofika, mtoto arudi nyumbani akale ugali. Mimi mwenyewe nilipimwa hivyo na nikafika, nikatembea mtaa mzima nimejishika sikio.

Ndoo ikajaribu, ikakumbuka haina mshikio, ikaanza kulia. Jembe likafika bila taabu kwa sababu ya mpini. Kandambili ikasema mkono wake uko na pacha wake, na pacha wake yuko kwa fundi.

Zamu yangu. Napitisha mkono juu ya kichwa. Unafika sikioni, haukomi. Unapita sikio, unapita shavu, unashuka begani, unaendelea kuteremka mpaka unaingia kwenye mfuko wa sketi na kushika kifutio.

Kengele ikavua miwani. "Huyu amepita."

"Si vizuri nimepita?"

"Kufika ndiyo vizuri. Aliyepita hatumpokei."

"Sasa mimi nifanyeje, mwenyekiti?"

"Uje mwaka juzi."

Nikaona ni jibu la haki kabisa. Nikauliza ofisi ya mwaka juzi iko wapi, nikaonyeshwa mlango wa stoo ya majembe. Ulikuwa umefungwa, na kufuli limeota kutu. Nikarudi kwenye foleni, nikasimama nyuma ya jiwe.

"Na wewe?" nikaliuliza.

"Mimi sina mikono," likasema. "Nimewekwa tu."

"Ngaa! Sharti la pili. Apewe kwanza anayekaa karibu na shule."

Hapo shule ikanyanyuka. Simaanishi watu, nasema majengo. Ikapandisha msingi wake mpaka magotini, kama mwanamke anayekunja kanga kuvuka dimbwi, ikaanza kutembea kuelekea mjini. Madirisha yanapiga makofi, chaki zinadondoka, ubao wa matangazo unashikilia masharti yasipeperuke.

"Inakwenda wapi?" nikauliza.

"Inakwenda kuwa karibu," jiwe likasema. "Nibebe, mwalimu. Mimi siwezi kukimbia."

Sikutaka. Nasema kweli, hata ndotoni sikutaka, nilitazama kama kuna mtu mwingine wa kulibeba. Ndoo ilikuwa bado inalia. Basi nikalipakata. Uzito wake niliujua palepale: kilo kumi na saba, uzito wa mtoto wa miaka mitano. Ndio ninaowabeba kila siku wakijikojolea.

Nakimbia na jiwe kifuani, kikombe cha uji kinanigonga kidevu, katikati ya mistari ya mkonge isiyo na mwisho. Miiba ya mkonge inanisalimia kwa adabu, mmoja mmoja, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, kila mmoja ananichoma na kuomba radhi. Mara mistari ikakatika, nikajikuta nimesimama korona.

Mama Sikudhani yuko pale anaanika nyuzi kwenye waya, nyeupe, ndefu, zinadondosha maji. Amevaa gunia juu ya kanga ili asilowe. Akanitazama, akalitazama jiwe lake mikononi mwangu, wala hakuuliza limefikaje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za kazi?"

"Nzuri. Samahani, mwalimu, nilitaka kukuuliza siku zote, nikawa naona haya. Ulisema nije mwakani. Mwakani ni siku gani?"

"Ni siku gani vipi?"

"Jumatatu, Jumanne? Nataka nimuombe nyampara ruhusa mapema. Safari ile niliomba siku hiyohiyo, akaninyima, ndiyo nikaweka jiwe."

Ukutani kwenye korona kulikuwa na kalenda. Nikaifunua nimtafutie. Disemba. Nikafunua ukurasa mwingine, Disemba. Nikafunua mwingine, Disemba ileile, tarehe ileile, saa nne asubuhi, na pembeni pamechorwa mguu wangu wa kulia na kiatu chake.

Ningemwambia hapo. Jamani, ilikuwa ndoto, nani angenifukuza kazi? Ningesema, mama, mwakani hakuna, nilikudanganya, mwanao atakuwa amepita. Maneno yote ninayo, na lugha ndiyo kazi yangu.

"Jumatatu," nikasema.

Akatabasamu, akashika pindo la kanga yake, akafunga fundo. "Nisije nikasahau," akasema. Kisha akaendelea kuanika.

Jiwe likaongezeka uzito mikononi mwangu.

Kutoka pale hatukutembea. Niligeuka tu, na tukawa kwenye mizani ya kupimia matita ya mkonge, na mizani yenyewe iko ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kengele imekaa juu yake.

"Ngaa! Sharti la tatu, uhitaji. Kila mmoja alete uhitaji wake, upimwe. Lazima uje wenyewe, hatupokei wa kuagizwa."

Uhitaji wa wifi yangu ulikuwa umeshafika, umepewa kiti na soda. Ulikuwa mdogo, umevaa vizuri, na unaongea. Unasema Twaibu anahitaji kuzoea wenzake, anahitaji kuchangamka, anahitaji mwalimu anayemjua. Kengele inaandika, inatikisa kichwa kwa huruma. Mizani haikusogea hata kidogo, lakini karani aliyekaa pembeni akasema mizani haisikii.

"Uhitaji wa Mama Sikudhani?"

Kengele ikatazama mlangoni.

"Uko wapi?"

"Uko kazini," jiwe likajibu. "Umeingia zamu ya asubuhi. Unatoka saa kumi."

"Basi haupo," Kengele ikasema, ikaandika: haupo.

Nikanyoosha mkono nitetee. Nikasema mimi ninaujua ule uhitaji, nimeuona kwa macho yangu, unasimama nje ya uzio wa darasa langu kila asubuhi. Kengele ikaniuliza, ukiwa umeuona, ulifanya nini? Nikashusha mkono. Ulichukua muda kurudi, maana bado ulikuwa mrefu.

Hapa lazima nieleze tena, na ndiyo sehemu inayoniuma. Twaibu alikaa kwenye kiti chake mpaka mwezi wa tatu. Kisha kaka akamhamishia shule ya kulipia, ile inayofuata watoto nyumbani kwa basi. Kiti namba thelathini kikabaki kitupu, kimenitumbulia macho. Na Sikudhani yuko nje ya uzio. Kila siku, mama yake akishaingia korona, mtoto anakuja anashika waya, anaimba na sisi a, e, i, o, u. Nikimsogelea anachuchumaa nisimuone. Miezi minane! Ningesema, njoo mwanangu, kaa hapa. Sentensi moja tu. Nilijiambia orodha imeshafungwa. Orodha ninayo mimi, kwenye mkoba wangu, na kalamu iko humohumo. Kumwita kungekuwa kukiri mbele ya wale mama wote kwamba lile jiwe lilikuwa na mtoto. Nilichagua heshima yangu, na heshima yenyewe siioni iko wapi.

Ndotoni shule imerudi mahali pake, imechoka, inapepewa na milango. Niko darasani kwangu. Viti ishirini na tisa vimekaliwa na mawe, matofali, jembe, kandambili ambayo pacha wake amerudi kutoka kwa fundi. Wote wametulia, wamefunga mikono hata wasio nayo. Kiti namba thelathini ni kitupu.

"Mwalimu," kiti kikasema, "mimi sidai makubwa. Mtu yeyote. Nimekaa miezi minane bila kukaliwa, nasahau kazi."

"Vumilia," nikakiambia.

"Wenzangu wana michubuko, wana ubani wa kutafuna uliobandikwa chini, mmoja amechorwa ng'ombe. Mimi bado mpya. Unajua aibu ya kuwa kiti kipya mwezi wa kumi na moja?"

Jiwe liko mlangoni, chini, palepale kwenye kizingiti. Sikumbuki kuliweka.

"Ninyanyue, mwalimu," likasema. "Ni hatua sita. Mimi namshikia mtu nafasi, siikai mwenyewe. Akija nitashuka."

Nikainama. Vidole vyangu vikagusa katani, mbichi, yenye utelezi. Moyo ulikuwa mwepesi, nakumbuka vizuri, nikawaza, kumbe ni rahisi hivi.

Nje honi ikalia. Wifi Mwajabu akaingiza kichwa dirishani, ana miwani ya jua, na nyuma yake Twaibu ana mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Wifi! Hatukai, jamani. Tunapita tu. Tunakiomba kile kiti tukipeleke nyumbani, kikae tu, mtoto akikumbuka awali aje akiangalie."

"Akiangalie?"

"Wifi yangu, usiniangushe mbele za watu."

Nikatazama watu wenyewe. Yalikuwa mawe. Mawe yote yananitazama, hakuna hata moja litakalonisema vibaya sokoni. Na wakati ule nilishajua kabisa kwamba ninaota. Nilijiambia kwa lugha fasaha: Zaituni, hii ni ndoto, ndotoni mtu hana wifi. Fanya unavyotaka.

Kengele ikajigonga mara moja, taratibu. "Mwalimu, zamu yako."

Mguu wangu wa kulia ukarudi nyuma.

Nikauambia usifanye hivyo. Nikausemesha kama mtoto: tulia, weka chini, mwalimu hapendi. Mguu ukasema, "Mimi ndivyo nilivyofundishwa," ukapiga teke.

Safari hii sikuwa na kiatu. Maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Jiwe likabiringika, likapita kizingiti, likapita baraza, likashuka mtaroni, na kutoka mle mtaroni nikasikia sauti ya mama anayehema, haina hasira hata chembe:

"Sawa, mwalimu."

Nikaamka.

Nimekaa kitandani nimeshika dole gumba la mguu wa kulia. Limevimba, ukucha umevia damu. Nikajiambia nimepiga ukuta, wanaolala peke yao hupiga kuta. Nikaoga, nikavaa ndala kwa sababu kiatu hakiingii, nikatoka mapema kuliko siku zote. Leo ni Ijumaa. Kuandikisha watoto wa mwaka ujao bado. Barua ya tarehe mwalimu mkuu amenipa jana jioni tu, ofisini, mlango umefungwa, akasema niibandike leo. Iko kwenye mkoba wangu, bado haijapakwa gundi. Hakuna aliyeisoma zaidi yetu sisi wawili.

Getini palikuwa na jiwe. Kubwa kama boga dogo, lina tope la mtaroni upande mmoja, na katani mpya kiunoni, mafundo mawili. Limewekwa mahali pa kwanza kabisa, na nyuma yake amesimama Sikudhani, amepakwa mafuta mpaka magotini. Hakuchuchumaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kaweka jiwe hili?"

"Mama. Kasema tuwahi, kuandikisha ni Jumatatu."

Nikashika mkoba wangu, maana barua iliyomo nayo inasema Jumatatu. "Nani kamwambia Jumatatu?"

"Wewe," akasema, akanitazama kama ninayemtania. "Kaamka asubuhi akasema mwalimu kaniambia Jumatatu. Kafunga fundo kwenye kanga asisahau. Ameenda kumuomba nyampara ruhusa."

Nikaegemea geti.

Mtoto akadhani namngoja. Bila kuambiwa akanyoosha mkono wake wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa. Mkono umerefuka mwaka huu. Ukafika sikioni, ukapita, kiganja kikatua shavuni, na vidole karibu vinagusa kidevu. Akabaki hivyo, kichwa kimelala upande, anacheka na pengo la meno mawili ya mbele.

"Nimefika, mwalimu?"

Meno hayo huanza kung'oka kwenye miaka sita.

"Umefika, mwanangu," nikasema.

Akashusha mkono, akarudi nyuma ya jiwe lake, akasimama wima kama wanavyosimama watoto wangu mstarini asubuhi. Kisha akauliza Jumatatu ni lini. Nikamshika vidole, nikamhesabia kama ninavyowahesabia wengine: kesho, keshokutwa, mtondo.

"Mtondo," akarudia, na mimi nikatafuta funguo za geti kwenye mkoba kwa muda mrefu sana.